Mwenye Kutafuta Kazi Si Mwombaji

 

Katika darsa yetu ya usiku, baada ya sala ya isha, kijana mmoja katika wanafunzi alingoja mpaka watu wakapungua, ndipo akasogea karibu na kuuliza suala ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Maalim, huu ni mwaka wa tatu tangu nilipomaliza masomo, na kazi sina. Nimeandikisha jina langu katika afisi ya kazi, na kila mwezi huenda kuuliza. Ami yangu aniambia kuwa kwenda kukaa juu ya benchi la afisi ile ni kuomba, na kuomba ni aibu kwa mtu mwenye nguvu zake. Asema afadhali nimpe dalali pesa anipeleke Ghuba, kuliko kuonekana na watu nimeshika karatasi mkononi. Mama yangu amekwisha toa bangili zake ziuzwe. Je, nishike lipi?"

Nilimwambia anipe muhula wa juma moja, na tena nikamtaka mama yake asiuze bangili mpaka juma hilo liishe. Haya ninayoyaandika ndiyo majibu niliyompa, nami nimeyatia katika sahifa yetu kwa kuwa najua kijana huyu si peke yake. Kila mtaa katika miji yetu ya pwani, toka Lamu mpaka Vanga, una vijana wa namna hii, na kila nyumba ina ami wa namna ile.

Suala lake lina masuala matatu ndani yake. La kwanza: mtu asiye na kazi, je, kosa ni lake? La pili: kwenda kutaka msaada wa kupata kazi, je, ni kuomba? La tatu: ni ipi haki ya mtu huyo juu ya yule aliyekaa upande wa pili wa meza? Tukiyachanganya haya matatu tutapotea, kwa hivyo na tulitazame kila moja peke yake.

Ama la kwanza, watu wengi hulikata kwa methali. Husema, "Ajizi nyumba ya njaa," kisha huondoka wamestarehe, kana kwamba wamekwisha lipa deni. Methali hii ni kweli, lakini kweli huharibika ikitiwa pasipo pake. Haifuati, kwa kuwa kila mvivu hushikwa na njaa, kwamba kila mwenye njaa ni mvivu. Mgonjwa wa homa hutetemeka, na mtu aliyetoka baharini usiku wa kusi hutetemeka vile vile, wala hatumwambii huyu wa pili kuwa ana homa.

Natutazame bandari yetu wenyewe. Wazee wetu waliokuwa makuli wa Kilindini walikuwa wakisimama mlangoni alfajiri kungoja kuitwa. Siku yenye meli nyingi waliitwa wote, na siku yenye meli chache waliitwa wachache, waliosalia wakarudi majumbani mikono mitupu. Je, wale waliorudi walikuwa wavivu zaidi kuliko walioitwa? Wote waliamka saa moja na kusimama mahali pamoja. Tofauti yao ilikuwa ni hesabu ya meli na jicho la mnyapara. Khabari hii haikuwa ya Mombasa pekee. Kule London, bwana mmoja aitwaye William Beveridge aliichunguza hali kama hii, na mwaka 1909 akatoa kitabu ambacho hoja yake kubwa ni kwamba ukosefu wa kazi ni jambo la mpango wa kazi zenyewe kabla ya kuwa jambo la tabia ya mtu. Kila gati liliwaweka watu wake wa akiba wasimame mlangoni, ili siku ya kazi nyingi wasikosekane. Na gharama ya kungojea huko ililipwa na tumbo la mngojaji, si na mfuko wa mwenye meli.

Na sisi tumeyaona haya kwa macho yetu. Makontena yalipoingia, kazi iliyokuwa ya mabega ya watu wengi ikawa kazi ya winchi moja na watu wachache. Reli mpya ilipoanza kubeba shehena mwaka 2018, kisha ikatoka amri ya kuwa mizigo ipelekwe kwa reli mpaka Nairobi, madereva wa malori, mataniboi, makarani wa kutoa mizigo forodhani, mafundi wa magurudumu na mama wauzao chakula kando ya njia walikatikiwa na riziki kwa pamoja. Watu wa Mombasa wakaandamana mwaka 2019, na mwaka 2022 ndipo amri ikatoka ya kuirudisha kazi ya kutoa mizigo bandarini. Sasa nauliza: katika miaka ile, ajizi iliingia Mombasa siku moja kama mvua ya masika ikawanyeshea watu wote? Mwenye akili hawezi kusema hivyo. Basi yatupasa kutofautisha baina ya mtu aliyeitupa kazi na mtu aliyetupwa na kazi. Wa kwanza anastahili nasaha. Wa pili anastahili msaada, na kumpa nasaha peke yake ni kumwongezea uzito.

Twende katika suala la pili, nalo ndilo lililomkereketa ami wa kijana wetu. Sikatai kuwa dini yetu imekemea kuomba. Imepokewa katika hadithi iliyo sahihi kwamba mtu kutwaa kamba yake, akaenda kutafuta kuni, akazibeba mgongoni akaziuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Hili halina shaka. Lakini ami amelichukua jambo lililosemwa juu ya mwenye kutaka mali ya mtu bure, akalitia juu ya mwenye kutaka kuuza nguvu zake na elimu yake. Hizi ni njia mbili zenye kwenda pande mbili mbalimbali. Mwombaji asema, nipe ulicho nacho. Mtafuta kazi asema, nionyeshe mahali nitakapotoa nilicho nacho. Wa kwanza amekuja kuchukua, wa pili amekuja kutoa.

Na dalili za jambo hili tunazo. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, nduguye wa kiansari, Saad bin Rabii, alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake, wala hakuitwaa. Alichotaka ni kuonyeshwa soko liko wapi. Tazama basi: aliikataa sadaka, na katika kikao kile kile akaomba msaada. Lau kuuliza njia ya soko ni kuomba, basi asingaliuliza. Na afisi ya kazi, kwa asili yake, si kitu ila mahali pa kuulizia soko liko wapi.

Kadhalika Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri, alitaja mwenyewe kwamba yeye ni mhifadhi mzuri na mjuzi, akataka awekwe juu ya khazina za nchi. Mtu kuzitaja sifa zake za kweli mbele ya mwenye kuajiri si majivuno wala si unyonge. Ni kutoa ushahidi. Na Nabii Musa, amani iwe juu yake, alifika Madyan akiwa amekimbia, hana kazi wala mji. Aliwanyweshea wanyama wale mabinti wawili pasi na ujira, kisha akakaa kivulini akimlalamikia Mola wake. Mmoja wa mabinti ndiye aliyemwambia baba yake amwajiri, na sababu alizozitaja ni mbili, nguvu na uaminifu, nazo zote mbili alikuwa amekwisha ziona kwa macho yake. Sababu hizi mbili nitazirudia, kwa kuwa zina jambo kubwa ndani yake.

Huenda mtu akauliza: ikiwa mambo ni wazi hivi, mbona aibu imeshika mizizi katika nyoyo za watu wetu? Jawabu langu ni kwamba aibu hii haikuanzia katika dini. Mizizi yake iko katika historia. Neno "kuandikishwa" lina uchungu wake katika nchi hii. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, wanaume Waafrika walilazimishwa kuandikwa na kuchukua kipande, wakitembea nacho shingoni ndani ya kikebe, ili mwenye kuitoroka kazi ya mzungu ajulikane na kurudishwa. Na hapa Mombasa, vita vilipokuwa vikiendelea katika miaka ya 1940, vibarua wa bandari wakaandikwa katika daftari, na aliyeandikwa akatakiwa atimize siku zake za kazi kila mwezi. Daftari zile hazikuwekwa kumsaidia mtu kupata kazi. Ziliwekwa ili kazi isimpoteze mtu. Wazee waliogoma mwaka 1939, kisha 1947, kisha 1955, walijua vizuri kuwa karatasi ya serikali yaweza kuwa kamba. Basi ami asilaumiwe sana. Anaogopa kitu kilichowauma baba zake. Lakini yatupasa tumwambie kwa adabu kuwa daftari ni chombo kama kisu: hukata mkate na hukata mkono, na hukumu yake hufuata makusudio ya aliyeshika mpini.

Hapa ndipo tunapoingia katika suala la tatu, la haki ya mtafuta kazi juu ya mwenye kumsaidia. Na nitalianza kwa kisa ambacho wengi wetu tumekisikia mimbarini, ila mara nyingi tumekisikia nusu.

Imesimuliwa kutoka kwa Anas, naye Abu Daud ameipokea, kwamba mtu wa kiansari alikuja kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, akiomba. Wenye elimu ya sanad wana maneno juu ya mapokezi haya, na wako waliosema kuwa yana udhaifu. Lakini maana yake ya asili yanatiwa nguvu na ile hadithi sahihi ya kamba na kuni niliyoitaja. Mtume alimwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu. Akasema iko nguo ya kujifunika, nusu hutandika na nusu hujifunika, na kiko chombo cha kunywea maji. Akamwamuru avilete. Akavinadi mwenyewe mbele ya watu; mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili. Akampa yule mtu dirhamu zake mbili, moja anunue chakula apeleke kwa watu wake, na ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, wala asimwone kwa muda wa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi baada ya siku hizo ana dirhamu kumi, amenunua nguo na chakula.

Khutuba zetu hukitumia kisa hiki kumkemea mwombaji, kisha huishia hapo. Lakini kitazame kwa upande wa yule msaidizi. Kwanza, alimwuliza hali yake, tena kwa suala moja tu lenye faida ndani yake, wala hakumwuliza ili amfedheheshe. Pili, alihakikisha kuwa watu wa nyumbani kwake wamekula kabla ya kazi kuanza, kwani mtu hawezi kutafuta riziki ya kesho huku watoto wake wanalia leo. Tatu, alimpatia chombo, akakitengeneza kwa mkono wake, yeye ambaye cheo chake hakifikiwi na cheo cha karani yeyote. Nne, alimwonyesha kazi iliyo na soko. Na tano, alimpa muda, akamwacha. Hakumwambia aje kila asubuhi aonyeshe kuwa anatafuta. Alimwambia asimwone kwa siku kumi na tano.

Jambo hili la mwisho linanishangaza kila nikilifikiri, kwa sababu ya khabari ninazozipata kutoka kwa jamaa zetu walioko Uingereza. Nchi ile ilitunga sheria ya afisi za kazi mwaka 1909, na afisi za kwanza zikafunguliwa tarehe 1 Februari, 1910, wakati Winston Churchill alipokuwa waziri wa biashara na Beveridge akiwa msaidizi wake katika jambo hilo. Makusudio yalikuwa mema: mtu asitembee toka mlango mpaka mlango, bali pawe na mahali pamoja ambapo mwenye kazi na mwenye kutaka kazi watakutana. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1911, ikaongezwa bima ya wasio na kazi. Leo afisi hizo huitwa Jobcentre. Kwa muda wa miaka mingi, mwenye kupokea posho pale alikuwa akifika kila baada ya majuma mawili kutia sahihi ya kuwa bado anatafuta kazi. Na chini ya mpango wa Universal Credit, ulioanza mwaka 2013, mtu aghlabu hutakiwa aonyeshe kuwa ametumia hata saa 35 kwa juma katika kutafuta, na akikosa miadi bila ya udhuru unaokubaliwa, posho yake yaweza kukatwa.

Sisemi kuwa hesabu haifai. Wako watu wadanganyifu katika kila taifa, na mali ya umma ni amana. Hata yule mtu wa Madina aliulizwa ana nini, na baada ya muda wake alirudi akaonyesha alichokipata. Lakini tazama utaratibu wake: shoka lilitangulia, hesabu ikafuata, na alichohesabiwa ni kazi aliyoifanya, si unyonge aliouonyesha. Afisi yenye kudai hesabu kabla ya kutoa shoka huigeuza kazi ya kutafuta kazi ikawa ndiyo kazi yenyewe, ila haina mshahara. Pamoja na hayo, nakiri kuwa wale wa Uingereza walau wana dirhamu ile ya chakula. Kwetu sisi, dirhamu ile hutoka mfukoni mwa mama, au haitoki popote.

Na nisijifanye kuwa nayasema haya kwa kusikia tu. Mimi nami nilikaa miezi kumi na minne sina kazi, baada ya ghala nililokuwa karani wake kufungwa. Nilikwenda katika afisi moja ya kuandikisha kazi, ambayo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa muradi wangu si kuichongea. Niliandika jina langu, umri wangu na elimu yangu katika karatasi. Mwezi wa pili nilipokwenda, karatasi haikuonekana, nikaandika tena. Mwezi wa tatu nikaambiwa nilete cheti cha polisi cha tabia njema, na cheti cha kodi, na cheti cha kuwa sidaiwi, na kila kimoja kina ada yake, ilhali mtu akiwa na pesa za ada hizo asingalikuwa pale. (Mwaka 2022 sheria ya ajira ya Kenya ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti vya namna hiyo kabla hajakusudia kumwajiri mtu, na hilo ni jambo la kushukuriwa, mimi nilitangulia.) Lakini kilichoniuma hakikuwa ada. Kijana wa pale mezani hakuniinulia uso hata mara moja. Nilikuwa nikimjibu maswali naye akiitazama karatasi, mpaka nikajiona mimi ndiye niliye kivuli, na karatasi ndiyo mtu.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwa makusudi. Nilipokuwa karani wa ghala, nami nilikuwa na meza. Palitakiwa mtu mmoja wa kuhesabu magunia, na majina yalikuwa mawili: kijana yatima aliyekuwa hodari wa hesabu, na mtoto wa dada yangu, ambaye hesabu zake zilikuwa za kubahatisha. Dada yangu alikuja kwangu akalia. Nikaliweka jina la mpwa wangu juu. Yule yatima alikuja mara mbili kuuliza, na mara zote mbili nilimjibu huku nimeinamisha uso juu ya daftari. Sasa najua kwa nini sikumtazama. Mtu hawezi kumtazama usoni mtu ambaye amemla haki yake. Huenda kijana wa afisi ile hakuwa na kosa kama langu, huenda alikuwa amechoka tu, au majina yalikuwa mengi na kazi hakuna. Lakini benchi lile lilinifundisha nilichokataa kufundishwa na meza.

Na hapa ndipo ninapozirudia zile sababu mbili za binti wa Madyan. Watu wetu husema kuwa kumwombea mtu kazi ni wema, nao wana haki. Lakini binti yule hakumwambia baba yake amwajiri Musa kwa kuwa ni wa ukoo wetu, wala kwa kuwa mama yake amelia. Alitaja nguvu na uaminifu. Shafaa ya namna hii ni ushahidi wa kweli, inamfaa mwenye kuajiri na inamfaa mwajiriwa, wala haimdhulumu wa tatu. Ama shafaa yenye kumtanguliza asiyeweza juu ya awezaye, hiyo ni khiyana iliyovaa kanzu ya huruma. Mimi niliivaa kanzu hiyo, ndiyo maana naijua mshono wake. Na sisi watu wa pwani tunaolalamika, tena kwa haki, kuwa kazi za bandari na za serikali hupewa watu kwa kujuana, yatupasa tujiulize ndani ya maduka yetu, shule zetu na kamati zetu za misikiti, sisi wenyewe twatoa kwa nini?

Limebaki jambo la dalali. Penye afisi isiyofanya kazi yake, dalali huota kama uyoga. Mataifa yalilijua hili zamani. Mkutano wa kwanza wa shirika la kazi la mataifa, uliofanyika Washington mwaka 1919, ulikubaliana kuwa ziwepo afisi za umma za kutafutia watu kazi zisizotoza kitu. Mwaka 1948 jambo hilo likatiliwa nguvu kwa mkataba mwingine. Na mwaka 1997 ukafanywa mkataba juu ya mawakala wa watu binafsi, wenye asili ya kuwa mfanyakazi asitozwe ada kwa kutafutiwa kazi. Hekima yake yaonekana. Mwenye njaa akitozwa bei ya matumaini, atalipa bei yoyote. Anayeuziwa kitu akiwa hana khiari, ile si biashara ya radhi.

Basi sikumwambia kijana wetu kuwa safari ya Ghuba ni haramu. Babu zetu walikuwa wakienda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, na wako wengi leo wenye kujenga nyumba za wazee wao kwa jasho la halali la kule. Nilimwambia hivi: wakala wa kazi za nje sharti awe ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, basi nenda ukaulize kama huyu ameandikishwa. Mtake mkataba ulioandikwa, wenye jina la mwajiri, mshahara na saa za kazi, uusome kabla ya kuondoka. Na pasipoti yako isikae mkononi mwa mtu mwingine. Alikwenda akauliza. Jina la dalali yule halikuwamo. Bangili ziko mkononi mwa mama yake mpaka leo.

Lakini kazi bado hana, wala sitaki kumdanganya msomaji kwa kumaliza maneno yangu kwa furaha isiyokuwapo. Kumwokoa mtu na mwizi si kumpa chakula. Siku hizi watu wakubwa wanapenda kuwaambia vijana wajiajiri wenyewe, na hutaja kisa cha shoka. Nami nasema: ni kweli, lakini mtu yule hakuambiwa ajiajiri, akaachwa aende. Alipewa shoka, likatiwa mpini. Mwenye kumwambia kijana akate kuni ilhali hana shoka, ameshika nusu ya sunna, nayo ni ile nusu isiyomgharimu kitu. Wazee wetu waliijua maana hii waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mwambie alime. Walisema mpe.

Kwa hivyo, ndugu zangu, nina mambo matatu ya kuyaweka mbele yenu. La kwanza, tuache kumwuliza kijana kila anapopita barazani kama bado hajapata kazi. Suala hilo halimpi kitu ila humfanya azunguke njia ya nyuma, mpaka mwisho ataukimbia na msikiti. Mwenye khabari ya kazi na ampe khabari. Asiyekuwa nayo na ampe salamu. La pili, kila kamati ya msikiti na iweke daftari la watu wa mtaa na ujuzi wao, huyu ni seremala, huyu ajua hesabu, huyu ajua kompyuta, na mwenye duka au kiwanda aliulizie kabla hajatafuta mbali. Na mwenye kushika daftari hilo asiweke jina la mpwa wake juu. La tatu, sehemu ya zile fedha tunazozikusanya na itengwe kwa ajili ya vyombo: cherehani, sanduku la zana za fundi umeme, ada ya leseni ya udereva. Mtu apewe chombo, apewe muda, aachwe afanye, kisha arudi na hesabu yake kama mwanamume mbele ya wanaume, au mwanamke mbele ya wenziwe.

Na wewe kijana uliyeniuliza, nenda afisini kwako mwezi ujao kama ulivyokwenda mwezi uliopita, umevaa nguo safi, na useme jina lako kwa sauti ya kusikika. Hukwenda kuomba. Umekwenda kuuliza soko liko wapi. Akiwa aliye mezani hakukuinulia uso, basi wewe muinulie wako. Aibu ya benchi lile, ikiwapo, ni ya sisi sote tuliokuacha ulikalie peke yako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufungulie milango ya riziki ya halali, na atujaalie wenye meza tuwakumbuke walio juu ya benchi. Wabillahi taufiki.